Nusu Sekunde Kabla ya Kuruka

"Kamera hiyo irudishe kabatini, mama," mchumba wangu alimwambia muuzaji kabla sijanyoosha hata mkono. "Hiyo ni ya watoto wanaojifunza."

Muuzaji, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, hakuirudisha. Aliniangalia mimi.

"Anayenunua ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Ananunua yeye, nachagua mimi," mchumba akadakia. "Mtaalamu ni mimi hapa."

Ngoja niwaambie kuhusu huyo mtaalamu. Alikuwa mpiga picha za harusi, na mgongoni mwa fulana yake aliandikisha maneno "Jicho la Tai", jina alilojipa mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine ambaye angempa. Jicho la Tai huyo alikuwa hawezi kutofautisha mwewe na kunguru hata wakae paa moja. Ila mdomo alijaliwa, na mimi kwa kupenda nikadhani mdomo ndiyo akili. Wanasema kipendacho roho hula nyama mbichi. Mimi niliila mbichi na mifupa yake.

Kazi yangu ni kupiga eksirei hospitalini. Siku za mapumziko naenda bwawani kupiga picha za ndege. Kuna mchapishaji aliyekuwa anaandaa kitabu cha ndege wa maji, akaziona picha zangu za ndege waliotua, akazipenda, lakini akanipa sharti: nimpelekee mdiria, yule ndege mdogo mvua samaki, akiwa hewani, anapochomoka majini na samaki, na kurasa za katikati zitakuwa zangu. Kamera yangu ya zamani haikuweza. Kila nikiminya kitufe, ndege ameshaondoka, nabaki na picha nzuri ya nguzo aliyokuwa ametua. Lenzi nilikuwa nayo. Nilichotafuta ni bodi, yaani kamera yenyewe, na niliiwekea akiba kwa kujinyima hasa.

Muuzaji akaziweka bodi mbili juu ya kioo.

"Hii nzito inatoa picha kubwa mno, unaweza kufunika nayo nyumba nzima. Lakini ni ya polepole. Hii nyingine picha yake ndogo kidogo, ila ina kasi. Ikishalishika jicho la ndege hailiachii, hata akate kona. Halafu ina jambo lake. Ukiminya kitufe nusu tu, inaanza kukumbuka. Ukija kukiminya chote, inakutunzia na picha za nusu sekunde iliyopita."

"Za kabla sijaminya?"

"Za kabla. Ndege akitaka kuruka haagi, mwanangu. Wewe utachelewa, yenyewe haichelewi."

Nilisisimka mpaka vidole. Jicho la Tai akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mama, hayo ni mambo ya wavivu. Mpiga picha wa kweli anaijua saa yake ya kuminya." Akanigeukia. "Mpenzi, wewe umezoea watu wanaoambiwa vuta pumzi, usitikisike. Ndege utamwambia hivyo? Chukua hii nzito. Ukiibeba hii unaonekana mtu. Hata ukumbini wageni wanakupisha."

"Ndege nao watanipisha?"

"Nasema harusini, mpenzi. Siku ambazo wewe huitumii, si nitaitumia mimi?"

Nikamwelewa vizuri. Akiba yangu, ndege wangu, kamera yake.

Muuzaji, ambaye nadhani alikuwa amewaona wengi wa aina hiyo, akasema, "Chukueni zote mbili mkajaribu. Jumatatu mnirudishie moja."

Palepale nikaiwasha ile ya kasi, nikaiweka kwenye ile hali ya kukumbuka, nikaiacha hivyo. Jicho la Tai hakuona. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati, anarekebisha kola.

Jumamosi nilikuwa na zamu, na kamera zote mbili, pamoja na lenzi yangu, zilikuwa kwake. Akanipigia simu asubuhi.

"Kamera nitazijaribu mimi bwawani. Kesho tukikaa na wazee kupanga harusi, nitawaonyesha tofauti kwenye runinga."

"Si unisubiri? Nikitoka jioni twende wote."

"Jioni mwanga mbaya."

Mpiga picha anayeuita mwanga wa jioni mbaya ni sawa na muuza mkaa anayelalamikia moto.

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu. Ndege hawataki makelele, wewe si unajua?"

Mchana, kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikamtumia ujumbe: "Umefika? Mdiria yupo kwenye nguzo yake?"

Akajibu: "Nimefika mpenzi. Niko mimi na Mungu wangu tu. Mdiria ni yule mweupe mwenye shingo ndefu?"

"Huyo ni yangeyange."

"Wote ndege tu hao."

Nikaandika tena: "Koti langu jekundu la mvua hukuliona nyumbani kwako? Kila mahali nimetafuta."

"Halipo. Utakuwa umelisahau hospitali. Wewe nawe kwa kusahau!"

Jumapili sebule ya mama yangu ilijaa. Upande mmoja mama na shangazi. Upande wa pili mama mkwe wangu mtarajiwa na binti yake, wifi yangu, mtu mkweli mpaka anakera. Wifi ndiye aliyeanza.

"Mpambaji wa bibi harusi tayari. Kaka amemtafuta mwenyewe, wanafanya kazi pamoja kwenye harusi zote."

"Mikono yake ni dhahabu," Jicho la Tai akasema, na akasimama mbele ya runinga kama mtu anayetaka kugombea cheo. "Wazee wangu, kabla hatujaendelea naomba mnisikilize kidogo. Binti yenu anataka kununua kitu cha hovyo. Mimi kama mume mtarajiwa siwezi kuangalia tu. Oneni wenyewe."

Akachomeka kadi ya kamera nzito. Runinga ikajaa majani ya bwawani, makubwa, ya kijani, yanang'aa.

Shangazi akainama mbele. "Ndege yuko wapi?"

"Alikuwa hapo, shangazi."

"Alipokuwa hapo, wewe ulikuwa wapi?"

Wifi akaficha kicheko ndani ya kiganja. Jicho la Tai hakutetereka.

"Angalia ubora, shangazi. Kila unyasi unahesabika."

"Kwani tumeitwa kuhesabu nyasi?"

"Basi tuone hii ya watoto," akasema, akibadilisha kadi. "Humu mna picha moja tu ya maana. Tena niliipata kwa jicho langu, siyo kwa mashine. Yangeyange akipaa! Nilipomaliza kupiga niliiangalia pale nyuma ya kamera, nikajisifu mwenyewe."

Hakuwa ameiangalia kadi nyumbani. Mtaalamu ahakiki nini? Akabonyeza rimoti.

Runinga ikamleta yangeyange, amesimama ukingoni mwa maji. Pembeni yake alikuwepo mwanamke mwenye koti jekundu la mvua, mkono juu, kokoto vidoleni.

Jicho la Tai akabonyeza haraka aipite. Ikaja inayofuata: kokoto imetoka. Akabonyeza tena: ndege anafungua mabawa, mwanamke anageuza uso kwenye kamera. Akabonyeza tena na tena, na kila akikimbia picha moja anaangukia nyingine. Mwanamke anacheka. Mwanamke anachongoa midomo. Busu zima, wazi, limelenga lenzi katikati. Kisha kamera inamfuata ndege juu, mwanamke anazama chini ya picha mpaka zinabaki ncha za vidole, na mwisho kabisa ndiyo ile picha yake ya kujisifu, yangeyange na anga tupu.

"Huyo si mpambaji?" mama yake Jicho la Tai akauliza taratibu.

"Ndiye," wifi akasema. "Na hilo koti si la wifi?"

"Ndilo," nikasema.

"Zimetoka wapi hizi?" Jicho la Tai alikuwa anaipiga rimoti kwenye kiganja kana kwamba kosa ni la betri. "Mimi nilipiga moja! Naapa, hizi nyingine sikuzipiga!"

"Ni kweli hukuzipiga," nikamwambia. "Ulikuwa umeminya nusu, unasubiri mwenzako amrushe ndege. Kamera ikakumbuka. Muuzaji alitueleza wote wawili, ila wewe ulikuwa unacheka kwa pua."

"Mpenzi, yule ni mtu wa kazini. Alikuja kunisaidia kuwashtua ndege tu."

Shangazi akavua miwani. "Na lile busu, alikuwa anamshtulia ndege?"

Mdomo wote ule, siku ulipohitajika haupo.

Iliniuma. Sitajifanya chuma. Niliyahisi machozi yakija, nikayazuia kwa sababu nilikataa kulia mbele ya mtu anayesubiri ndege watupiwe mawe ili apate picha. Na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonistaajabisha: dharau ilikuwa inapanda haraka kuliko maumivu. Nilimtazama pale aliposimama, fulana yake na jina lake mgongoni, nikajiuliza nilikuwa naangalia nini siku zote.

"Ningekupa nafasi ya kujieleza," nikamwambia, "lakini jana nilikuuliza unaenda na nani, ukanitajia Mungu. Hata yeye umemsingizia."

"Sasa unavunja ndoa kwa ajili ya picha?"

"Ndoa ipi? Ulitaka yule aje anipake poda asubuhi ya harusi yangu, huku koti langu liko kwake. Pete yako hii hapa. Ukimpa, mwambie aipime kwanza, asije akakutupia kama kokoto."

Mama yake akasimama, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani.

"Mama mwenzangu, nisamehe. Kulea nimelea, naona malezi hayakukolea. Leo hatuna cha kupanga." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe, chomoa kadi ya watu. Twende."

Jumatatu nilirudi dukani peke yangu.

"Umechagua?" muuzaji akauliza.

"Hii ya kasi."

"Na mtaalamu amesemaje?"

"Yeye ndiye aliyenishawishi, mama. Alivyoionyesha sebuleni, hakuna aliyebaki na swali."

Mama yule alinitazama kwa juu ya miwani, akataka kuuliza, akaghairi, akanifungia boksi.

Jioni ileile nikaenda bwawani, kwenye ule mwanga wake mbaya. Mdiria alikuwa juu ya nguzo, kichwa kimeinama, anayasoma maji. Nikaegemeza lenzi, nikaminya kitufe nusu, nikangoja. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaiweka sikioni kwa bega.

"Mpenzi, siku nzima sijala," Jicho la Tai akasema. "Kweli unaniacha kwa kosa la nusu sekunde?"

"Kosa lako ni refu. Kilichoonekana ndiyo nusu sekunde."

"Yule nimeshaachana naye."

"Pole yake. Au hongera yake, sijui."

Akavuta pumzi ndefu, akabadilisha sauti, akawa mnyonge. "Basi angalau nikuletee koti lako. Nikukute wapi?"

Ujanja wa kitoto namna ile, na kuna siku ungenipata.

"Mwachie aliyelivaa, nimempa. Ila mwambie asilivae tena bwawani. Rangi yake inawatisha ndege."

"Mpenzi, nisiki..."

Mdiria akajitupa. Maji yakapasuka, akachomoka na samaki mdomoni, matone yanamfuata, na simu yangu ikadondoka kwenye nyasi. Nilichelewa kuminya, kama kawaida yangu. Kamera haikuchelewa.