Kidole kwenye Mguu wa Bundi

Kila asubuhi filimbi ilipolia, mama yake Makandi alichukua jembe akaenda kuchimba handaki. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na Mau Mau. Watu wa Meru walikuwa wametolewa makwao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na shambani waliruhusiwa kwenda kwa muda mfupi tu. Basi chakula kingetoka wapi?

"Maharagwe haya ni ya Bundi," mama alimwambia Makandi, aliyebaki akiwalea wadogo zake. "Wewe na Kithaka mtakula viazi vitamu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Bundi, mdogo wao wa mwisho, alikuwa ameachishwa ziwa juzijuzi. Kithaka alikuwa na miaka minne, mbavu nje.

Haukupita muda, mashavu ya Bundi yakajaa, miguu ikawa ya mviringo, inang'aa. Kwenye foleni ya maji jirani yao Karambu alitania, "Huyu mnamlisha nini? Mmetuficha mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Bundi hakucheka. Siku hizo hakucheza wala hakutaka kushuka mgongoni mwa Makandi, na nywele zake zilikuwa zimepauka kama nyasi kavu.

Makandi akawaza: huyu amenona, Kithaka ndiye ataniponyoka. Akaanza kumpa Kithaka maharagwe ya Bundi. Jioni mama akiuliza, "Bundi amekula?" yeye hujibu, "Amekula."

Siku moja Mwanamisi, ambaye wote walimwita Mama Kasim, mke wa mchinjaji wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, aliwaletea nyama walinzi wa kijiji. Alipomwona Bundi alisimama. Akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki.

"Nani alisema amenona?"

"Watu wote, Mama Kasim."

"Ni maji hayo, mwanangu. Njaa pia huvimbisha. Wangu wa kwanza aliondoka hivi hivi. Maharagwe anapata?"

Makandi alitazama chini. Kisha akasema yote, na jioni akamweleza mama pia.

Mwanamisi aliacha kipande cha maini. Bundi alionja mchuzi, akageuza uso. Alifariki mgongoni mwa mama yake, pale langoni mwa kijiji, wakingoja ruhusa ya kwenda hospitali.

Baada ya mazishi Makandi hakula. Mama akamketisha karibu naye.

"Mwanangu, njaa hii hukuileta wewe. Na kumhurumia Kithaka si kosa. Lakini uliponiambia amekula, ulinifumba macho. Chakula kikipungua, niambie, hata kama sina la kufanya. Ukweli tukiujua sote, pengine mmoja wetu ataona njia."

Kesho yake, kwenye foleni, mama aliwaambia wanawake, "Mtoto akijaa ghafla msimsifu. Mbonyezeni mguu kwanza. Shimo likibaki, ni njaa."

Karambu aliinama taratibu, akabonyeza mguu wa mwanawe. Shimo likabaki. Hakuna aliyetania. Kila nyumba ikatoa maharagwe kidogo, na mama yake Makandi akatoa yale yaliyokuwa ya Bundi.

Mtoto wa Karambu alipona. Makandi ndiye aliyekuwa akimlisha, na kila jioni alipoulizwa amekula kiasi gani, alisema kweli.