Mama Kwenye Mzani wa Maharage

“Fungua hilo sanduku,” Novatus alisema.

Nimpaye alidhani hakusikia vizuri. Nyuma yake malori ya msafara yalikuwa yanaunguruma, watu wamejaa juu na magodoro yao, watoto wanalia, na kila mmoja anatazama upande wa Burundi. Alibaki yeye tu na mzigo wake kwenye mzani wa mpakani Kabanga. Na aliyeshika kalamu mbele yake hakuwa mtu baki. Alikuwa mwanaume ambaye Jumapili iliyopita walikaa pamoja nyuma ya kanisa, akimwomba asiondoke.

“Novatus, unajua kilichomo,” alimwambia kwa sauti ya chini.

“Umeandikisha vyombo vya jikoni. Siwezi kuandika vyombo vya jikoni.”

Afisa wa forodha, aliyekuwa anazungumza na dereva, akageuka na kusogea. Nimpaye akapiga magoti, akafungua kufuli. Juu kulikuwa na vitenge viwili. Afisa akavinyanyua, akakuta chini yake shuka jeupe lililofungwa kama mtoto mchanga. Akaligusa, kisha akaurudisha mkono wake haraka.

“Hii ni nini?”

“Ni mama yangu,” Nimpaye alisema.

Afisa alivua kofia. Hakuwa mtu mkali, wala hakumfokea. Alimweleza taratibu kwamba mabaki ya mtu hayavuki mpaka bila kibali cha afya, na kwamba jambo likishasemwa mbele ya watu yeye hawezi kujifanya hakuliona. Kama anataka, yeye apande lori, sanduku libaki. Nimpaye alitikisa kichwa. Msafara ukaondoka. Vumbi lilipotulia, alikuwa bado amepiga magoti pale chini, mkono juu ya sanduku la bati.

Alikuwa na miaka ishirini. Mwaka wa tisini na tatu alibebwa mgongoni kutoka Muyinga, Burundi, wakikimbia vita, na aliyembeba ni huyo aliyekuwa ndani ya sanduku. Baba yake aliuawa wiki hiyohiyo, akazikwa usiku na mdogo wake, Niyonzima, mahali ambapo Niyonzima peke yake alipajua. Mama aliishi kambini Lukole miaka minane, akafa kwa malaria. Kabla hajafa alimwambia binti yake neno moja tu, kwamba siku wakirudi wasimwache ugenini. Wamlaze karibu na mume wake.

Ndiyo maana mwaka 2007 Nimpaye alipojiandikisha kurudi, alimfuata katekista mzee Bartholomayo, wakaenda makaburini alfajiri na majembe mawili. Walisali kwanza. Mengine ya asubuhi ile hakupenda kuyasimulia kwa mtu yeyote.

Yeye na Novatus walifahamiana ghalani Kasulo, ambako Nimpaye alikuwa anachambua maharage akipata ruhusa ya kutoka kambini. Novatus alikuwa kijana wa Bukiriro, karani wa wakala mmoja wa forodha, anayekuja kupima mizigo kabla malori hayajaenda mpakani. Alikuwa mkali kwa kazi yake. Mfanyabiashara akisema aandikiwe “nafaka”, Novatus anauliza nafaka gani. Akisema maharage, anauliza ya rangi gani, makavu au mabichi. Gunia tupu analipima peke yake na kulitoa kwenye hesabu.

“Mteja hali gunia,” alimwambia Nimpaye siku ya kwanza, na Nimpaye akacheka.

Uhusiano wao ulianza kwa kucheka hivyo. Ikawa kila Novatus akija anamletea andazi lililofungwa kwenye gazeti, na Nimpaye anamshikia gunia wakati anasoma mzani. Mwaka haujaisha alikuwa amemwambia anataka kumpeleka nyumbani Bukiriro akawaone wazazi. Nimpaye alikubali. Aliweka sharti moja, kwamba kwanza akamzike mama. Akishamzika atarudi, wafunge ndoa upande wowote anaotaka.

Alimwambia na habari za sanduku, majuma kadhaa kabla ya msafara. Alimuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa mambo ya mpakani, kama kuna lolote la kufanya.

“Njoo nalo tu,” Novatus alimjibu. “Mimi nitakuwepo.”

Basi akaja nalo.

Jioni ya siku ile alipokwama, Novatus alimfuata, akachuchumaa mbele yake. Alisema afisa alikuwa ameshashtuka, kwamba angelikuta mwenyewe wangefungwa wote wawili. Alisema amemwokoa. Nimpaye alikuwa amechoka kiasi kwamba aliamini, akafika hata kumshukuru. Sanduku likahifadhiwa kwenye stoo ya kigango, yeye akapewa kitanda nyumbani kwa Petronila, mama wa makamo aliyefanya kazi ofisi moja na Novatus. Kuhusu kibali, Novatus alisema Nimpaye asihangaike. Atakwenda Ngara mwenyewe.

Alikwenda kweli, akarudi akisema karatasi zimepokelewa. Baada ya hapo zikawa simu na ujumbe tu.

“Afisa afya yuko safarini. Vumilia mpenzi.”

Siku nyingine:

“Bado hajasaini. Nimeambiwa nirudi wiki ijayo.”

Kila alipokuja kumtembelea alikuja na mazungumzo yaleyale kwa sura mpya. Kuna eneo zuri la makaburi hapo kigangoni. Padri hatakataa. Mama yake Nimpaye ameishi Tanzania miaka minane, si mgeni tena. Wakimzika hapo, watakuwa wanamtembelea kila Jumapili, wao na watoto wao. Nimpaye alimsikiliza, kisha akamwomba wazungumze kitu kingine.

Ng’ambo ya mpaka baba mdogo Niyonzima alikuwa anaumwa kifua. Hakuwa na simu, alipiga kwa simu ya jirani. Sauti yake ilikuwa inakatika.

“Mwanangu, mbona hufiki?”

“Nasubiri kibali, baba mdogo.”

“Harakisha. Nataka nikuonyeshe alipo baba yako, na mipaka ya shamba. Watu wameingia upande wa chini. Mimi nikiwepo hawatasema kitu.”

“Nitafika. Kunywa dawa.”

Siku chache baadaye, asubuhi, akiwa anaosha vyombo vya Petronila, ulikuja ujumbe kutoka namba ya yule jirani.

“Nimpaye, baba yako mdogo Niyonzima amefariki jana. Alikuwa anakuuliza mpaka mwisho. Tumemzika leo alfajiri kwa sababu ya joto. Pole.”

Aliusoma akiwa amesimama. Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, na hapo ndipo Petronila alipomkuta aliporudi kula chakula cha mchana. Petronila alisoma ujumbe, akamshika mabega, akalia naye. Halafu, katika kumfariji, akasema jambo ambalo alidhani Nimpaye analijua.

“Basi sasa vuka, mwanangu. Kibali si kimetoka zamani?”

Nimpaye aliinua uso. “Kibali kipi, mama Petronila?”

“Cha mama. Leo tu wametupigia tena simu ofisini kutoka Ngara, wanauliza mbona hakijachukuliwa. Kimelala mezani kwao zaidi ya wiki. Nilimwambia Novatus, akasema anajua.” Petronila akaona uso wa binti umebadilika. “Hakukwambia? Mbona kazi hiyo anaijua? Mwaka jana kuna familia ya Biharamulo ilimpeleka marehemu wao Burundi. Novatus ndiye aliyewashughulikia mwanzo mpaka mwisho. Haikuchukua hata wiki.”

Nimpaye alisimama. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka.

Alimkuta Novatus nje ya ofisi, anahesabu magunia ya mfanyabiashara mmoja. Novatus alipomwona akatabasamu, halafu tabasamu likapotea.

“Kibali kimetoka lini?” Nimpaye aliuliza.

Mfanyabiashara akajitenga kando. Novatus aliweka kalamu mfukoni.

“Wiki iliyopita. Mwanzoni mwa wiki.”

“Na ulikuwa unasubiri nini?”

“Nilikuwa nasubiri ubadili mawazo.” Alisema akitazama chini. “Nilifikiri ukikaa kidogo utakubali tumzike hapa. Watu wanavuka, Nimpaye, hawarudi. Nimewaandikia wangapi mizigo yao? Sijaona hata mmoja aliyerudi.”

“Na nilipokuuliza habari za sanduku, ulikuwa unajua linahitaji kibali.”

“Nilijua.”

“Na siku ile kwenye mzani. Afisa alikuwa ameshtuka kweli?”

“Hapana. Siku ile hawakuwa wanafungua masanduku. Lakini nilichosema kilikuwa kweli. Havikuwa vyombo vya jikoni.”

“Ndiyo, ulisema kweli,” Nimpaye alisema. “Ulisema kweli ili nibaki. Ungeisema mapema ningetafuta kibali nikavuka na wenzangu. Ukaiweka mpaka siku ambayo ingenifunga miguu.”

Novatus alitaka kumshika mkono. Nimpaye akauondoa.

“Baba mdogo amekufa jana. Alikuwa mtu wa mwisho anayejua baba yangu amelala wapi. Wiki iliyopita alikuwa hai, Novatus. Kibali kiko mezani, na yeye yuko hai.”

Novatus aliketi juu ya gunia. Alisema hakujua kwamba mzee amezidiwa. Alisema alifanya kwa sababu anampenda. Nimpaye alimwacha anasema, akaondoka kabla Novatus hajamaliza.

Kesho yake Novatus alikwenda Ngara na gari la kwanza, akarudi na kibali mchana. Hakuna aliyemtuma. Nimpaye alipanga kuvuka na gari la mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Muyinga, na karani wa kumwandikia karatasi za mzigo hakuwa mwingine ila Novatus.

Sanduku lililetwa kutoka kigangoni, Petronila ameshika upande mmoja na Bartholomayo, aliyekuja kutoka kambini, ameshika upande wa pili. Mzani ulikuwa uleule wa maharage, na punje mbili tatu zilikuwa bado zimekwama pembeni. Bartholomayo akazipangusa kwa kofia yake.

Afisa wa forodha aliomba radhi, akasema lazima uzito uandikwe. Novatus akanyanyua sanduku kuliweka juu ya mzani.

“Ngoja,” Nimpaye alisema. “Toa vitenge. Na sanduku lipimwe tupu kwanza. Andika uzito wa mama peke yake.”

Novatus alifanya hivyo. Petronila alipokea lile shuka mikononi, akalipakata, huku sanduku tupu likipimwa. Kisha shuka likarudishwa ndani, sanduku likapimwa tena. Novatus alisoma, akatoa uzito wa sanduku, akasoma tena kana kwamba hakuyaamini macho yake.

“Kilo nne,” alisema.

Nimpaye alitazama ule mshale wa mzani. Mwanamke yule alimbeba mgongoni siku mbili, na mtungi kichwani, na alikuwa na mapaja manene na sauti ya kuita watu kutoka ng’ambo ya kilima.

“Jina la mzigo?” afisa aliuliza.

“Mabaki ya mwili wa binadamu,” Novatus alisema huku anaandika. Alifika mahali pengine pa karatasi akasita. “Na kwenye thamani, mkuu?”

“Andika hayana thamani ya biashara.”

Akaandika. Kisha alisimama na ile karatasi mkononi, machozi yanamtoka mbele ya madereva na makuli, na hakujaribu kuyaficha. Nimpaye aliichukua, akaikunja, akamuaga Petronila, akamwinamia Bartholomayo kwa shikamoo ya mwisho, akapanda gari. Hakumuaga Novatus.

Huko kwao mambo yalikuwa kama alivyoogopa. Majirani walimpokea vizuri, lakini kila mmoja alimwonyesha mahali tofauti. Mmoja alisema baba yake Nimpaye amezikwa chini ya migomba, mwingine akasema hapana, ni kule juu karibu na njia. Waliolima upande wa chini walisema mipaka ndiyo hiyo wanayoijua wao, na hakukuwa na mtu wa kuwakanusha. Nimpaye alimzika mama yake juu, karibu na njia, kwa kukisia. Usiku mwingine aliamka akiwaza kwamba pengine ni kule kwenye migomba.

Novatus alipiga simu mara nyingi. Nimpaye hakupokea. Mavuno ya maharage yalipokwisha, alikuja mwenyewe.

Alimkuta shambani. Nimpaye alimpeleka nyumbani, akampa maji, kisha akampeleka kaburini kwa sababu aliomba. Novatus alipiga magoti pale muda mrefu. Alipoinuka alisema ameongea na wazazi wake. Alisema kama Nimpaye hataki kurudi Tanzania, basi yeye yuko tayari kuacha kazi, ahamie huku, alime naye, amsaidie kesi ya shamba.

“Nimekosa,” alisema. “Sitafuti maneno mengine. Nakuomba unisamehe, unikubali.”

Nimpaye alikaa kwenye nyasi. Alimtazama vizuri. Alikuwa amekonda, na koti lake la kazini lilikuwa na doa la wino mfukoni.

“Nimeshakusamehe,” alisema. “Nilikusamehe siku ile ulipompima mama na watu wanakutazama. Na nakupenda, nisikudanganye.”

Novatus alishusha pumzi.

“Lakini sitaolewa na wewe. Nikikuuliza jambo ukanyamaza kidogo, nitaogopa. Ukisema kitu hakijatoka bado, nitajiuliza kama kimetoka wiki iliyopita. Siwezi kulala nyumba moja na hofu hiyo, Novatus, hata kama wewe umebadilika.”

Alijaribu kumshawishi tena, mara mbili, bila nguvu.

Nimpaye alimsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Njiani walizungumza habari za Petronila, na za kambi ya Lukole, ambayo sasa watu walisema itafungwa. Gari lilipokuja, alimpa mkono. Novatus aliushika kwa mikono yake yote miwili mpaka kondakta akaita.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Ngara. Nimpaye aliiona, akarudi haraka, maana sehemu ya juu ya shamba ilikuwa bado haijapandwa na hakukuwa na mtu mwingine wa kumsaidia.