Kengele Ndani ya Sikio

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo, akavuka uchochoro kwenda karakana ya mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi bati, akitengeneza ndoo na makarai. Kazi ya Chiriku ilikuwa kushikilia bati lisicheze nyundo inaposhuka. Jina hilo alipewa na wenzake, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Tia pamba masikioni, mama," mjomba alimwambia, za kwake zikichungulia.

"Pamba ni za wazee, mjomba. Nikiziba, umbea nitausikiaje?"

Mjomba alicheka, akaendelea kugonga.

Jioni moja nyundo zilinyamaza, lakini mlio haukunyamaza. Ulibaki sikioni, mwembamba, kama kengele iliyogongwa ikasahauliwa. Alilala nao, akaamka nao. Alipoziba masikio, ukazidi. Hakumwambia mtu. Aliogopa kukatazwa karakana, na zaidi aliogopa kuambiwa amerukwa na akili.

Darasani, mwenzake wa dawati alimnong'oneza mara mbili, tatu. Chiriku aliendelea kuandika.

"Siku hizi unaringa," mwenzake akasema, akahamia nyuma.

Wakati wa mapumziko wasichana waliruka kamba. Chiriku alikaa ngazini, akitazama midomo ikicheka. Walimwita, hakugeuka. Mwisho wakaacha kumwita. Wanangu, hakuna upweke mbaya kama wa mtu aliye katikati ya watu.

Nyumbani, mama alikuwa chumbani akishona. "Chiriku, maziwa!" Chiriku alikuwa hapo hapo jikoni, ameyapa mgongo. Maziwa yalifurika mpaka makaa yakazimika. Mama alitoka na maneno tele mdomoni, akamgeuza, akakuta machozi.

"Una nini, mwanangu?"

"Kuna kengele sikioni, mama. Hainyamazi."

Kesho yake cherehani haikufunguliwa; mama alimpeleka hospitali. Daktari wa masikio alimulika ndani, akaelezwa habari za nyundo, akatikisa kichwa.

"Kwa Kiingereza mlio huu huitwa tinitasi," alisema kwa sauti. "Neno hilo Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, lugha ya zamani sana. Maana yake ni kulia kama kengele."

Chiriku alimkodolea macho. "Kumbe watu wa zamani nao waliisikia?"

"Waliisikia, wakaipa jina. Huna wazimu, binti. Uko na wenzako wengi."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nyundo, Chiriku alicheka, kamasi na yote.

"Usicheke sana," daktari akasema. "Ndoo ikitoboka, mjomba wako ataiziba. Sikio likiharibika, halina fundi wa kulirudisha. Bahati yako umewahi."

Chiriku alikaa mbali na karakana, na mlio ukapungua kidogo kidogo. Mjomba naye alinunua vizibo vya masikio, vyake na vya yeyote atakayeingia. Mwenzake wa dawati, alipoelezwa, alirudi na mkoba wake, akakaa upande wa sikio lenye nafuu.

Jioni ya siku hiyo mwenzake aliporudi, mama alimsuka Chiriku nywele, akamwambia, "Kelele zikizidi, toka. Sikio likilia, sema siku hiyo hiyo. Mimi ni mama yako, lakini kengele iliyo ndani ya sikio lako siwezi kuisikia."