Chavua ya Ua la Njano

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wa klabu ya sayansi walikimbilia maabara wapate nafasi karibu na hadubini. Chiriku hakuwa na haja ya kukimbia. Kiti cha mbele kilikuwa chake kwa amri ya mwalimu, na alikikalia kama mwenye nyumba. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kando yake alikaa rafiki yake Mrefu, msichana mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora kilichoonekana.

Muhula ule walikuwa wakipanga mimea ya shuleni katika familia kwa kuangalia chavua, yaani ule unga unaobaki kidoleni ukigusa ua. Kwa macho matupu ni vumbi tu, lakini chini ya hadubini kila chembe ina umbo lake. Ya mahindi ni duara laini lenye tundu moja. Ya kunde ina mistari iliyopitana kama wavu. Ya mbamia ni kubwa na imejaa miiba, na ya mpamba vilevile, ndiyo maana mimea hiyo miwili iliwekwa pamoja kwenye bango la klabu, ingawa mmoja tunaula na mwingine tunauvaa. Mwalimu aliwasisitizia jambo moja: ukimaliza ua, futa sindano kwa spiriti kabla ya kugusa jingine.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kichaka cha nyuma ya tangi la maji, ambacho hakuna aliyekijua. Maua yake yalikuwa ya njano, na kwa kuwa ua la mbamia nalo ni la njano, Chiriku alishajiamulia. Huku akipiga soga, alichukua chavua kwa sindano ileile iliyotoka kwenye mbamia, akaiweka kwenye kipande cha kioo chini ya hadubini, akachungulia. Akaona miiba. Akatangaza kwamba ndugu wa mbamia amepatikana.

Mrefu alichungulia baada yake, tena kwa muda mrefu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba zenye miiba ni chache, ziko pembeni. Nyingi ni ndogo, hazina miiba, zina mifereji mitatu.

"Huo ni uchafu, mwenzangu," Chiriku akasema. "Nenda kapimwe macho."

Wote wakaangua kicheko. Mwalimu alipoingia, akiwa na haraka ya maandalizi ya siku ya wazazi, aliambiwa kwamba Mrefu anachora vitu visivyokuwepo. Akampa mwingine kazi ya kuchora, na Mrefu akapelekwa kubandika karatasi za mimea kwenye bango. Alikusanya penseli zake, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake asubuhi Chiriku aliwahi maabara ili atengeneze kioo kizuri zaidi cha kuwaonyesha wazazi. Safari hii alitoa sindano mpya kwenye boksi, akachukua nayo chavua ya kichaka kile. Akachungulia, hakuona mwiba hata mmoja. Akasogeza kioo huku na huku. Ni mifereji mitatu tu, kila chembe. Akaichukua sindano ya jana, akaisuuza kwa tone la maji juu ya kioo kingine, akatazama. Miiba ya mbamia ilikuwa imejaa tele.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kutupa vioo vyote viwili, wazazi wakaja, wakalisifu bango na kwenda zao. Lakini Mrefu angebaki kuwa yule asiyeona vizuri, na hilo lilimchoma Chiriku kuliko alivyotarajia. Akaenda kwa mwalimu, akaeleza yote.

Mwalimu alichungulia mwenyewe, akaibandua karatasi ya kichaka kwenye familia ya mbamia. Jioni akamsimamisha Chiriku mbele ya klabu, naye akasema kosa lake na kumwomba Mrefu radhi.

"Sindano chafu ni kosa la kazi, hata mimi limeshanipata," mwalimu akasema. "Lakini Mrefu alisema alichokiona, nanyi mkacheka, na mimi nikafuata kelele zenu badala ya kuinama kuangalia. Mrefu, nami unisamehe. Kazi hii haina kura. Mkibishana, mnaangalia tena."

Mrefu aliitikia kwa kichwa. "Nimewasamehe," akasema. "Lakini habari imefika mpaka darasani kwetu. Leo nzima wananiita Kipofu. Wao nani atawaambia?"

Chiriku akamtazama mwalimu, akitumaini kuokolewa.

"Maneno yako yameshafika huko," mwalimu akamwambia. "Ukikosea mbele za watu, unarekebisha mbele za watu haohao. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, utasimama mbele yao. Mimi nitakaa nyuma nikusikilize."

Kesho yake Chiriku akasimama mbele ya darasa, akaanza na sindano chafu.