Diski Kutoka Murcia

Narcisa aliingia kibandani kwa Hólger, mnakili wa filamu, akikimbia mvua. Soko zima la La Bahía, pale Guayaquil, lilikuwa likisukumana kutafuta paa, na gauni lake la njano lilikuwa limemganda mwilini.

"Unachoma diski au unauza miavuli?"

"Nachoma diski. Lakini kwako wewe nitauza hata paa hili."

Alicheka, na mvua ilipokatika hakuondoka. Hadi mwaka unaisha, soko lote lilijua kwamba wale wawili ni wapenzi.

Kisha ikaja diski kutoka Murcia.

"Ameituma Fausto," Narcisa alisema bila kuficha. Fausto alikuwa mchumba wake wa zamani, aliyehamia Hispania. "Deki yangu inaikataa. Inasema si ya ukanda huu."

"Hiyo ni ya ukanda wa Ulaya, mpenzi. Deki za huku zina ukanda wake. Niachie."

Alipobaki peke yake, Hólger alibonyeza zile namba za rimoti zinazoifanya deki ikubali diski ya popote. Fausto akatokea kwenye skrini, shati jeupe, saa inang'aa mkononi. "Narcisita, njoo huku tuoane."

Hólger akazima.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Narcisa.

"Vipi, mwembamba wangu, imefunguka?"

"Haifunguki, mpenzi. Wameifunga hukohuko."

"Hata wewe imekushinda?"

"Hata mimi."

Kesho yake Narcisa akaja kuichukua diski. Siku chache baadaye alirudi, sare ya kazini bado mwilini, diski mkononi.

"Don Eleuterio, fundi wa pale kona, ameifungua hata sijamaliza kumsalimia. Wewe uliiona?"

"Niliona shati."

"Shati!"

"Na saa. Na nilimsikia akikuita Narcisita."

"Ukazima?"

"Nikazima."

"Ungevumilia kidogo tu, angesogea kando. Nyuma yake yuko mama yangu, Hólger! Amepanga chumba kwa kina Fausto. Anapika supu ya samaki, encebollado, ananiimbia. Nywele zote nyeupe. Tangu ahamie huko, miaka yote hii namsikia kwenye simu tu, nawe unaniambia wameifunga!"

Lililomtoka Hólger likawa baya zaidi.

"Na Fausto umemjibu nini?"

"Bado una mdomo wa kuuliza? Washa kamera yako. Nitamjibu hapa, na wewe ndiye utakayerekodi."

Akajifuta machozi, akapaka rangi ya midomo. Hólger akajiuliza anajipamba kwa ajili ya nani.

Narcisa alizungumza na mama yake kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fausto, asante kwa kunionyesha mama. Lakini huko siji. Nina mtu wangu. Ni mwongo, ana wivu wa jogoo, na bado sijamsamehe."

Akampokonya kamera. "Zamu yako. Mama anakutazama."

Hólger akalainisha nywele kwa kiganja. "Mama, mimi ndiye niliyemnyima binti yako uso wako. Nisamehe. Na nikisamehewa, naomba kumuoa."

Narcisa akaizima kamera.

"Kwanza ichome hii vizuri," akasema. "Isikataliwe na deki yoyote. Mama akikukubali, na mimi nimekubali."

Hólger akaichoma bila kuifungia ukanda wowote, akaijaribu kwenye kila deki aliyokuwa nayo. Ikabaki bahasha.

"Andika kwa mwandiko mzuri, mwembamba wangu. Kwa Fausto."

Aliandika taratibu, ulimi nje. Kalamu ikaitoboa karatasi palepale kwenye jina.

Narcisa akacheka, akampa bahasha nyingine.