Ndoo ya Spéciose Mbele ya Mama Léoncie

Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1974, jua lilipochomoza, ndoo zilikuwa zimepangwa mstari mbele ya bomba la maji la mtaa wa Kanyosha. Kila ndoo ilimshikia mwenyewe nafasi. Ndoo ya Spéciose, msichana wa miaka kumi na miwili, ilikuwa ya tatu.

Karibu na hapo Mwalimu Sébastien alikuwa ameweka redio dirishani, na watu walisimama kusikiliza. Spéciose akawafuata. Rais wa Marekani alikuwa ametangaza kwamba anajiuzulu. Aliporudi bombani, ndoo yake haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa imekaliwa na Zénon, mvulana mkubwa ambaye kina mama walimpa kazi ya kulinda foleni.

Sheria ya bomba ilijulikana na wote: anayeacha mstari, hata ndoo yake ikibaki, anarudi nyuma. Zénon alisema ameongeza nyingine: anayeacha mstari ananyang'anywa ndoo mpaka Jumatatu.

"Umeiongeza lini?" Spéciose akauliza.

"Ulipokuwa kule kwenye redio."

"Na nani amesema nina kosa?"

"Mi mwenyewe. Sheria nimetunga mi, nimekuona mi, nimekuhukumu mi. Unataka nani mwingine?"

"Kaka Zénon, bado kupigiwa ngoma tu kama mfalme," mtoto mmoja alisema, na foleni nzima ikacheka.

Spéciose hakucheka. Nyumbani hawakuwa na ndoo nyingine, na mama yake alikuwa akingoja maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Alikwenda kwa Mwalimu Sébastien kwa hasira. Alimtaka amfukuze Zénon bombani na kumweka yeye Spéciose mahali pake, kwa kuwa yeye angehukumu kwa haki.

"Na siku utakayokosea wewe," Mwalimu aliuliza, "nani atakuhukumu?"

Spéciose akaitazama redio dirishani. Mwalimu akamweleza kwamba Katiba ya Marekani imegawa kazi hizo: Bunge linatunga sheria, rais anazitekeleza, mahakama zinaamua kesi. Katiba hiyo inakataza pia kumwadhibu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo lake. Mwaka huo rais alitakiwa kutoa kanda zilizorekodi mazungumzo yake ziwe ushahidi katika kesi ya wasaidizi wake, naye akadai kwamba ni yeye wa kuamua zipi zitolewe. Mwezi uliopita mahakama ya juu ilimkatalia. Majaji wanane walisikiliza kesi, watatu kati yao aliwateua yeye, na wote wanane walikuwa na uamuzi mmoja.

"Basi watu wa kule ni wema kuliko sisi?"

"Hapana. Baadhi ya walioiandika Katiba hiyo walikuwa na watumwa. Walijua vizuri mtu anavyokuwa akipewa mamlaka yote. Ndiyo maana waliyagawa."

Walikwenda pamoja bombani. Kina mama walikubaliana haraka: sheria watatunga wao, Zénon ataendelea kulinda, na ugomvi utaamuliwa na Mama Léoncie. Yeye alikuwa na kisima uani kwake, kwa hiyo foleni haikumpa faida wala hasara.

Mama Léoncie alimsikiliza Zénon kwanza, kisha akamgeukia Spéciose.

"Uliacha mstari?"

"Niliacha, mama."

"Sheria ya Zénon haikuwapo ulipoondoka, na hakuna aliyemtuma kutunga sheria. Ndoo irudishwe. Lakini sheria ya zamani ilikuwapo, nawe uliijua. Nenda nyuma."

"Mi ndiye niliyeonewa," Spéciose alisema, machozi yakimlenga.

"Umeonewa kwa ndoo," Mwalimu alimjibu. "Kwa mstari hujaonewa. Ulitaka Zénon asiwe juu ya sheria, na ulikuwa sahihi. Basi na wewe usiwe juu ya sheria."

Zénon aliinuka, akamkabidhi ndoo. Spéciose aliipokea bila kumtazama, akaenda kuiweka mwisho wa mstari.