Kitufe cha Karibu

Mara ya kwanza ilikuwa saa saba mchana, saa ya chakula, na dirisha la mapokezi lilikuwa limefungwa. Nje ya dirisha hapakuwa na mgonjwa wala msindikizaji. Hata hivyo skrini ya karani wa kumbukumbu ikalia, yakatokea yale maandishi makubwa ya buluu: HODI. Karani alikuwa na kijiko mdomoni. Akachungulia kupitia kioo, hakuona mtu. Akabonyeza KARIBU, maana hapakuwa na kingine cha kubonyeza, akaendelea kula.

Jioni alimsimulia mumewe, na mumewe akacheka. Ubaya wote ulianzia kwenye kile kicheko, na mtu akija kuniambia ulianza na jini nitabishana naye mpaka kesho.

Mume ndiye aliyeuchora huo mfumo. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kubuni skrini za watu wengine: kitufe kikae wapi, swali gani litangulie, rangi gani isiumize macho. Kazini walimwita Fundi Kioo, na mkewe akalichukua jina, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, mpaka likabaki Fundi tu. Na alikuwa fundi kweli, tusimnyime haki yake. Ile hodi aliitunga yeye. Mgonjwa akifika langoni anaandika jina, simu, tarehe ya kuzaliwa na sababu ya kuja kwenye mashine ndogo, mashine inapiga hodi kwenye skrini ya karani, karani anajibu karibu, fomu inafunguka. Siku ya kuuonyesha mfumo hospitalini, watu walipiga makofi hadi wengine wakasimama.

Mwanzoni vitufe vilikuwa vitatu: KARIBU, SUBIRI na HAPANA. Bosi wa hospitali akalalamika kwamba makarani wanabonyeza SUBIRI halafu wanapiga soga. Fundi hakuwauliza makarani hata mmoja, mkewe akiwemo. Akaviondoa viwili, akaacha kimoja, kikubwa, cha kijani, chini kulia.

"Fundi, umechora mlango usio na komeo," mkewe alimwambia jioni ile ya kicheko.

"Hospitali haina haja ya komeo. Mgonjwa akija unamfungulia, basi."

"Na asipokuwepo mtu? Leo imepiga hodi na nje kweupe. Nibonyeze nini?"

"Mtandao tu huo. Bonyeza Karibu, itapita."

"Njoo basi ukae na mimi pale siku moja, uone kwa macho yako."

"Mama, mfumo nimeutengeneza mwenyewe. Nikaone nini tena?"

Mkewe akamkunjia mdomo, akageukia mambo mengine. Alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko. Kila alipobonyeza alikuwa akilitamka neno lenyewe kwa sauti, "Karibuuu," kwa wazee na kwa watoto wanaolia, na kuna wagonjwa waliokuwa wakitafuta foleni yake hata kama ndiyo ndefu. Mara mia tatu kwa siku, karibu. Kidole chake cha shahada kikaota sugu ndogo.

Hodi isiyo na mtu ikazoea. Ikawa inakuja kila siku, saa saba ileile, na sasa fomu ikawa inafunguka kabisa, tupu, bila jina. Na fomu za Fundi, jamani, hazikuwa na huruma. Kila swali lilikuwa na nyota nyekundu, maana yake ni lazima, na usipojaza huwezi kufunga wala kurudi nyuma. Foleni ya mchana imeshaanza kugonga kioo, watu wanaguna, mtoto anatapika, na yeye amenaswa kwenye fomu ya mtu asiyekuwepo. Kwenye jina akaandika "Hajulikani." Ikapita. Kwenye ndugu wa karibu akaweka mstari, fomu ikakataa. Akabuni namba ya simu, ikakataa, kwa sababu Fundi kwa ujanja wake aliiwekea kipimo cha kutambua namba za uongo. Basi akafanya anachofanya kila karani aliyebanwa: akaandika jina lake mwenyewe, simu yake mwenyewe, na kwenye swali la anapokaa akaandika nyumba yake. Akahifadhi.

Hapo hapo chumba kikanuka. Harufu ya waya ulioungua ilitangulia, na nyuma yake ikaja nyingine, nzito, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Nimemwandikia nyumba yetu," alimwambia mumewe jioni, na safari hii hakuwa akicheka.

"Nani?"

"Huyo asiye na jina. Mfumo wako ulinikaba, Fundi. Ningefanyaje?"

"Taka tu hiyo. Kesho nitaifuta."

Kesho yake alikuwa na kikao. Keshokutwa pia.

Jumapili, jua la adhuhuri likiwa limejaa sebuleni, Fundi alikuwa amekaa na soksi mkononi anatafuta ya pili yake, na mkewe yuko jikoni. Mlango ulikuwa na komeo. Nje ikasemwa, "Hodi." Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke, ilikuwa sauti iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, kama ya mtu aliyelijifunza neno hilo kwa kulisoma. Fundi hajafungua mdomo, mkewe akaitikia kutoka jikoni, "Karibu," na Fundi alimwona vizuri kabisa kupitia mlango wa jikoni: mkono wa kulia umeinuka na kijiko chake, kidole kikachoma hewa, chini kulia.

Mlango haukufunguka. Pazia tu lilivuta pumzi, likatulia, kisha kiti kilichokuwa karibu na Fundi kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, na ile harufu ya waya na udongo ikamjaa puani.

Mkewe akatoka jikoni. Alikitazama kile kiti.

"Mbona nimeitika?" alinong'ona. "Fundi, mbona nimeitika? Mimi sikutaka."

Fundi akasema ni majirani. Akasema na upepo. Akamshika bega, na nadhani alimpenda kuliko siku zote dakika ile, kwa hofu, lakini kukubali kwamba kosa ni lake hakukubali.

Tangu siku hiyo mwanamke alianza kupungua. Simaanishi mwili. Vicheko vilikwenda kwanza, kisha utani, kisha jina, kwa sababu aliacha kumwita Fundi akaanza kumwita mume wangu, mume wangu kula, mume wangu kaa, kwa sauti ile iliyonyooka, na alikuwa akikaa mezani huku kidole kikigonga mbao, to, to, to, mahali palepale, na Fundi akimuuliza una nini anageuza shingo taratibu, anamtazama bila kupepesa, anauliza, "Jina? Umri? Anapokaa?" na kusubiri, na asipojibiwa anauliza tena, na tena, mpaka Fundi, jasho likimtiririka mchana kweupe ndani ya nyumba yake mwenyewe, anajitaja jina mbele ya mwanamke aliyeishi naye miaka tisa.

Ndipo maji yalipomfika shingoni, akafungua mfumo kutoka ofisini kwake. Fomu ya Hajulikani aliikuta. Ilikuwa imepokelewa mara sitini na moja. Ndugu wa karibu: jina la mkewe. Anapokaa: kwao. Mstari wa uhusiano, ambao mkewe, kabla hajabadilika, aliapa aliandika "hakuna," sasa ulisomeka "mke." Fundi akabonyeza kufuta. Mfumo ukamjibu kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: Haiwezekani. Taarifa hii inatumika.

Alijaribu mara ishirini. Mwisho alikilaza kichwa juu ya kibodi akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Dereva wa ofisini ndiye aliyempeleka kwa mganga, mama mmoja aliyekuwa na cherehani mbele na kazi yake nyingine chumba cha nyuma. Alimsikiliza Fundi akiwa bado na pini mdomoni, hakutetemeka wala hakupandisha mashetani. Alipomaliza kusikiliza akazitoa pini moja moja.

"Hawa hawavunji mlango," alisema polepole. "Wanapiga hodi. Mkeo amekaribisha kwa mdomo na kwa kidole, akampa ndugu na makazi. Wewe ulimnyima neno la kukataa. Lirudishe. Kidole kilichokaribisha ndicho kikatae, palepale kilipokaribishia. Mara tatu. Mwenye kupiga hodi akikataliwa mara tatu anaondoka, hata hawa wana adabu hiyo. Na akiondoka harudi."

"Nitafanya leo hii."

"Ngoja. Wa kukataliwa ni yule aliye nje. Sasa nani yuko nje na nani yuko ndani? Huyo aliyelala nyumbani kwako jana, una hakika ni mkeo?"

Fundi akasimama. "Namjua mke wangu."

"Sijasema humjui. Nasema uulize kwanza. Tazama anayepiga hodi ni nani, ndipo ubadilishe mlango."

"Nashukuru, mama," Fundi alisema, na alikuwa ameshavaa viatu. Nani angemweleza yeye habari za mlango? Kichwani kitufe kilikuwa kimeshachorwa.

Na kilikuwa kitufe cha akili, hilo nalisema kwa uchungu. Alijua kidole cha mkewe hakisomi tena, kinakwenda chini kulia chenyewe. Basi akaiondoa KARIBU, na mahali pake, ukubwa uleule, kijani kilekile, akaweka HAPANA. Jumamosi mchana, ofisi ya kumbukumbu ikiwa imefungwa, akamshika mkewe mkono wakaenda hospitalini. Mkono ulikuwa baridi, nao ulikuja bila kubisha.

Mlinzi wa lango akawasalimia. "Shemeji, leo una safari nyingi! Si nimekuona sasa hivi hapa kwenye mashine? Nimekusalimia hukuitika, unagonga tu."

"Umemfananisha," Fundi alisema, akapita haraka.

Akamkalisha mkewe kitini, akawasha skrini. Chumba kilikuwa kimya, kikinuka karatasi za zamani, na haikupita dakika skrini ikalia: HODI. Kidole kikaenda, chap. HAPANA. Taa ya dari ikapepesa, na kutoka mbali, upande wa langoni, ikasikika kama kofi la mtu anayepiga kioo. Fundi akajikuta anacheka kwa furaha huku machozi yakimtoka, akasema, "Hivyo hivyo, mama, hivyo hivyo," na skrini ikalia tena, HODI, kidole chap, HAPANA, na safari hii kule langoni palikuwa na sauti, haikunyooka hata kidogo, ilikuwa sauti iliyokatika katikati, ya mtu aliyekimbia, na Fundi akaijua kabla hajakubali kwamba anaijua, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kwa sababu chini ya hodi huwa kuna mstari unaomtaja anayepiga, mstari ambao yeye aliupunguza ukawa mdogo na wa kijivu ili skrini ipendeze.

HODI, ikalia mara ya tatu. Akausoma mstari. Jina la mkewe. Tarehe ya kuzaliwa ya mkewe. Sababu ya kuja: Fundi, ni mimi, nifungulie.

Akaurukia ule mkono. Kidole kilikuwa kimeshafika.

HAPANA.

Kule langoni pakanyamaza. Aliyekaa kitini akageuza shingo taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile akatabasamu, kwa mdomo wa mkewe na meno ya mkewe.

"Mume wangu," alisema, "nimechoka. Twende kwetu."

Fundi akageukia kibodi. Alikirudisha kitufe cha KARIBU kwa mikono iliyokuwa ikigonga herufi zisizo zake, akakipanua kikajaza skrini nzima, akasimama mbele ya kioo na kidole hewani, akiita jina la mkewe, akiomba msamaha kwa kila kitu, kwa kicheko, kwa vikao, kwa nyota nyekundu zote alizowahi kuweka. Alisubiri mpaka mlinzi alipokuja na funguo. Skrini haikulia. Mkewe alikuwa mtu wa adabu: alipiga hodi mara tatu, mwenye mlango akamkataa, akaenda zake.